Parker ya mzee

Mzee alitoa mti wa mbele wa bunduki, akaachanisha mitutu na kitako, kisha akaining'iniza mitutu kwa kidole kimoja. Akaigonga kwa ukucha. Ililia. Sauti nyembamba, safi, ikabaki hewani mle kwenye chumba cha chini cha nyumba yake kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Akasubiri mpaka ikafa yenyewe ndipo akasema, "Siku ikilia kama sufuria iliyopasuka, ujue vile vibapa vinavyoishikanisha mitutu vimeachia. Siku hiyo usiipige."

Ilikuwa mwishoni mwa msimu wa 2013, Dayton, jimbo la Ohio. Nilikuwa na miaka minne Marekani, nafanya kazi kwenye karakana ya kuchonga vipuri vya chuma, na mzee huyu alikuwa fundi wa karakana hiyohiyo kabla hajastaafu. Ndiye aliyenipeleka klabu ya kulenga vigae vinavyorushwa hewani kwa mara ya kwanza, ndiye aliyeniazima bunduki yake ya kisasa msimu mzima nikajifunzia. Siku ile magoti yalishaanza kumkataa, na alikuwa ananiuzia Parker ya baba yake kwa bei ambayo hata kuitaja ni kumvunjia heshima. Sharti lake lilikuwa moja tu: isitundikwe ukutani, ipigwe.

Parker Brothers walikuwa watu wa Meriden, Connecticut. Walitengeneza bunduki za mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, jumla kama 242,000, mpaka kampuni ikanunuliwa na Remington mwaka 1934 na kazi yenyewe ikakoma wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Hii yangu ni daraja la VH, geji 12 (ndicho kipimo cha upana wa mtutu), mitutu ya inchi 30 ya chuma walichokiita Vulcan. V lilikuwa daraja la mtu wa kawaida, halina nakshi nyingi. H ni kwamba nyundo zimefichwa ndani. Namba yake inaonyesha ilitoka kiwandani 1912. Nikipiga hesabu, ilikuwa imeshapita umri wa miaka mia moja siku niliyoipokea, na mlango wake ulikuwa ukifunga kwa mlio mdogo mzito, kama wa sefu.

Kwa asiyeujua mchezo wetu: mbele yako kuna kibanda kifupi kilichozama ardhini, ndani yake mashine. Wewe umesimama yadi 16 nyuma yake. Ukiita, kigae cha duara, kipana kama kisosi, kinachomoka kikipanda kwa mwendo wa kilomita 68 hivi kwa saa, na hujui kama kitakwenda kushoto, kulia au moja kwa moja. Risasi moja kwa kigae kimoja. Unapiga vitano, unahama kituo, mpaka umalize vituo vitano, jumla 25. Neno tunaloita maana yake ni "vuta", na limebaki tangu enzi za njiwa hai, waliofunguliwa kwenye vizimba kwa kuvutwa kamba. Vigae vya udongo vililetwa na mtu wa Cincinnati, jirani yetu wa kusini, aitwaye Ligowsky, mwaka 1880. Vya mwanzo vilichomwa vikawa vigumu kupita kiasi: marisawa, zile chembe ndogo zinazojazwa ndani ya risasi, yalivipata, vikalia, vikaendelea na safari. Siku hizi ni lami na unga wa mawe ya chokaa, na vikipigwa vizuri havipasuki vipande, vinageuka moshi.

Dayton ni mahali pake huu mchezo, na mzee hakuniacha nisilijue hilo. Grand American ya kwanza ya vigae, mashindano makubwa ya mchezo huu, mwaka 1900 kule Queens, New York, ilichukuliwa na mtu wa Dayton, Rolla Heikes: vigae 91 kati ya 100 kutoka yadi 22. Annie Oakley, yule mwanamke mlengaji shabaha mashuhuri, alizaliwa na kufia kaunti ya Darke, ambako ukitoka kwangu kwa gari hujamaliza saa umefika. Na kuanzia 1924 hadi 2005 mashindano hayo makubwa yalipigwa Vandalia, ubavuni mwa uwanja wa ndege wa Dayton. Uwanja wa ndege ukataka nafasi. Mwaka 2006 yakahamia Sparta, Illinois, kwenye vibanda 120 vilivyopangwa mstari mmoja. Mzee alikuwa amepiga Vandalia tangu ujana wake. Hakuwahi kwenda Sparta, na nilijifunza kutomuuliza kwa nini.

Mimi ni wa Handeni. Bunduki pekee niliyoijua utotoni ni gobore la babu, la kulindia mahindi dhidi ya nguruwe na nyani. Tulikatazwa kuligusa, lakini kuangalia hatukukatazwa. Babu alipima baruti kwenye kiganja, na kila mara alirudisha kidogo kwenye pembe kabla ya kushindilia. Nilipomuuliza akasema baruti ikizidi, anayeumia kwanza ni mwenye bunduki. Ningeliweka moyoni neno lile, nisingefanya nililolifanya Aprili 2014.

Lakini kabla ya Aprili nilifanya jambo moja sahihi: niliipeleka kwa fundi bunduki. Mimi napima vyuma kwa riziki, nikadhani nitaweza mwenyewe kwa vyombo vya karakanani. Fundi alinionyesha nilivyokuwa sijui ninachopima. Aliingiza kipimo kwenye chemba, pale risasi inapokaa, akapata inchi mbili na tano ya nane, pungufu ya inchi mbili na robo tatu za risasi za leo. Hiyo kwa Parker si kasoro. Ndivyo walivyokuwa wakizikata. Kisha akapima unene wa mitutu hatua kwa hatua, kutoka chemba hadi mdomoni, akiandika namba kwenye daftari la kurasa za mraba. Mahali pembamba kuliko pote palikuwa na unene wa kutosha. Akaniambia kama pangefika chini ya nusu milimita angenirudishia bunduki pamoja na msumari wa kuitundikia. Mitutu ya Damaski, ile iliyosokotwa chuma laini na chuma kigumu mpaka ikatoa mawimbi kama ya mkeka, huipima kwa ukali zaidi, na mingi huwaambia wenyewe waiache ipumzike.

Akaniambia pia niihifadhi mdomo chini, kitako juu. Bunduki ya aina hii ikisimamishwa kabatini kwa kitako, mafuta yanashuka taratibu, yanaingia kwenye mti pale nyuma ya chuma, na mti wa karne nzima ya mafuta unakuwa laini kama ndizi iliyoiva. Nilisikia. Sikulihusisha na risasi.

Aprili ile kulikuwa na baridi ya kukata vidole. Nilinunua risasi za dukani, boksi za bei rahisi: aunsi moja na moja ya nane ya marisawa, zile zinazosukumwa kwa kasi ya juu kabisa inayoruhusiwa. Kwa bunduki ya kisasa hazina neno. Fundi alikuwa amesema nipige risasi nyepesi, lakini nilikuwa na hamu, na mitutu imepimwa, nikajiambia chuma ni chuma. Mzunguko wa kwanza nikapiga, wa pili nikapiga. Katika mzunguko wa tatu, kama risasi ya 60 hivi, kitu kilibadilika mkononi kabla hakijabadilika sikioni. Kishikio kilikuwa kimesogea. Nikafungua, nikavua glavu, nikapitisha kidole gumba nyuma ya chuma, upande wa kushoto. Ufa. Mwembamba kama unywele, mrefu kama njiti ya kiberiti, na nilipobonyeza mti ulitoa tone dogo la mafuta meusi.

Chuma kilikuwa chuma kweli. Hakikuwa na shida hata kidogo. Nilichokuwa nimesahau ni mti uliokibeba.

Nilikaa na bunduki ile siku tatu bila kumwambia mzee. Ya nne nikaenda kwake, nikaiweka juu ya meza, nikaifungua nikamwonyesha ufa. Aliangalia muda mrefu. Alichouliza ni kimoja: "Ulipiga risasi gani?" Nikamwambia. Akainuka, akaenda rafuni, akarudi na kopo la chuma lenye maganda matupu, akalisukuma kwangu. Ndipo nilipoelewa kuwa ile mashine ndogo ya kujazia risasi iliyofungwa pembeni mwa meza yake haikuwa ya kubania hela. Baba yake hakuwahi kuilisha bunduki ile kitu asichokijaza mwenyewe.

Fundi aliutoa mti, akauloweka miezi kadhaa kwenye dawa ya kunyonya mafuta, akaunganisha ufa kwa gundi na kipini kidogo kilichozama ndani, kisichoonekana. Wakati huo mimi nilikuwa kwenye meza ya mzee kila Jumatano usiku nikijifunza kujaza.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wenye bunduki za mitutu pacha wanapopotea. Risasi ya geji 12 ya leo inaruhusiwa kufikia msukumo wa pauni 11,500 kwa inchi ya mraba. Watu wengi hudhani kupunguza marisawa ndiko kunapunguza msukumo. Si hivyo hasa. Kinachoamua ni baruti inavyoungua: inayoungua haraka inapiga kofi, inayoungua polepole inasukuma. Nilichagua, kwenye jedwali la mtengenezaji wa baruti, mchanganyiko wa aunsi moja ya marisawa, gramu 28, usiozidi pauni 7,000. Na jedwali linafuatwa lilivyo. Ganda hilo, fataki hiyo ya kuwashia baruti, kikombe hicho cha plastiki kinachobeba marisawa, uzito huo wa baruti. Ukibadilisha kikombe kwa sababu kile kingine kimekwisha dukani, umetengeneza risasi ambayo hakuna aliyeipima. Mzee alikuwa akinifanya nipime baruti ya kila risasi ya kumi kwenye mizani, na nikikosea sehemu ya kumi ya grein, kipimo kidogo cha uzito wa baruti, ananirudisha mwanzo. Mkono wake ulikuwa ukitetemeka tayari, lakini jicho la kusoma mizani lilikuwa lilelile.

Bunduki ilirudi msimu wa 2015. Begani ilikuwa tamu, inakusukuma kama mtu anayekupisha njiani. Lakini sikuwa napiga kitu. Kwa bunduki ya kuazima nilikuwa nikivunja 20, 21, 22. Kwa Parker nikavunja 11. Wiki iliyofuata 12. Rafiki mmoja wa klabu, kwa nia njema, akaniambia risasi zangu za aunsi moja ni hafifu. Mwingine akasema choki, yaani mbano wa mdomo wa mtutu, imechoka. Mwingine akasema mitutu ya kulala haifai kwenye vigae, ndiyo maana dunia imehamia kwenye mtutu mmoja au mmoja juu ya mwingine. Upana wa mitutu miwili unalifunika jicho. Nikaanza kuwaamini.

Jumamosi moja nilibandika karatasi kubwa ya kufungia nyama kwenye fremu, yadi 40, nikachora msalaba katikati, nikaupiga kwa utulivu risasi tano, kila moja karatasi yake. Kisha nikaenda nazo nyumbani, nikazitandaza sakafuni, nikachora duara la inchi 30 pale marisawa yalipojaa zaidi, nikahesabu tundu moja moja kwa kalamu. Aunsi moja ya marisawa ya ukubwa wa namba 7½ ina chembe 350 hivi. Ndani ya duara niliyapata 240 na ushei, karibu asilimia 70, ndicho kinachotakiwa kwa mtutu uliobana kabisa. Choki haikuwa imechoka, na risasi hazikuwa hafifu. Ila katikati ya duara, kwenye karatasi zote tano, ilikuwa inchi 8 chini ya msalaba.

Nilikuwa nimepitisha mwezi mzima nikipiga hewa chini ya vigae vinavyopanda.

Nikaigeuza bunduki juu chini, nikaulaza utepe wa juu ya mitutu kwenye meza ya chuma iliyosawazishwa, nikapima kutoka mezani hadi kisigino cha kitako. Inchi 3. Bunduki za vigae za leo mti wake ni wa juu, umenyooka, umetengenezwa kwa mtu anayekandamiza shavu. Tazama picha za wapigaji wa mwaka 1910: wamesimama wima, vichwa juu, kama watu walio kwenye mstari wa gwaride. Kitako kilishushwa ili kiwafuate. Mimi nilikuwa nakibana shavuni kama nilivyofundishwa kwa bunduki nyingine, jicho likashuka, na kwenye shotigani jicho ndilo kilengeo cha nyuma. Likishuka, kila kitu kinashuka nalo.

Hesabu yake ni ya darasa la saba. Kutoka jicho langu hadi ushanga wa mdomoni ni inchi 40. Kutoka hapo hadi karatasi ni yadi 40, inchi 1,440. Mara 36. Kila nukta jicho linavyopanda, marisawa yanapanda mara 36 yake. Nilitaka yatoke inchi 8 chini yaende inchi 4 juu, kwa sababu kigae kinapanda na napenda kukiona juu ya mdomo wa mtutu badala ya kukifunika. Inchi 12 gawanya kwa 36: theluthi moja ya inchi, milimita nane na nusu.

Yupo aliyenishauri nipeleke kitako kikakatwe na kupachikwa mti wa juu. Sikufanya na sitafanya. Mti ule baba yake mzee aliugusa kwa shavu miaka arobaini, na pana mahali umelika mpaka umeng'aa. Nilinunua ngozi ya kufunga kwa kamba, ile inayovalishwa kitako kama soksi, nikaweka chini yake vipande vya ngozi nyembamba kimoja kimoja, napima, napiga karatasi, naongeza. Vipande vinne. Karatasi ya sita duara lilikaa nilipotaka. Jumanne iliyofuata nilivunja 21, na kile cha kwanza kabisa kilichogeuka moshi nilisimama tu nikikitazama mpaka mpigaji wa kituo cha pili akanikumbusha kuwa zamu ni yake.

Yaliyobaki ni mambo madogo ambayo hakuna anayekuambia. Parker ina triga mbili: ya mbele ni ya mtutu wa kulia, uliobana kiasi, ya nyuma ni ya kushoto, uliobana kabisa. Kwenye kigae kimoja kimoja mimi napiga ya nyuma peke yake, maana kigae kinavunjikia yadi 33 au 35. Lakini ukivuta ya nyuma, ile ya mbele inagonga mgongo wa kidole kila risasi, na kwa vigae mia kidole kinavimba. Nilikuja kugundua kwamba nilikuwa nashika kishikio mbele mno kwa mkono mzito. Mti wa mbele nao ni mdogo kama kipande cha muwa, kwa hiyo mkono wa kushoto unashika mitutu yenyewe. Risasi ya 15 imepata joto, ya 25 haishikiki. Waingereza walilitatua hilo zamani kwa mkono wa ngozi wenye ubati wa chuma ndani, unaoteleza juu ya mitutu. Wangu niliushona mwenyewe. Na kwa kuwa VH haitupi maganda nje, nayatoa kwa vidole, nayatia mfukoni, hakuna linalopotea nyasini.

Septemba iliyopita klabu iliandaa siku ya mitutu pacha peke yake. Walikuja na L.C. Smith za Fulton, Fox za Philadelphia, Ithaca, na Webley moja iliyovuka bahari. Nilipiga vigae 100 kutoka yadi 16, nikavunja 93. Mzee aliletwa na binti yake, akakaa kwenye kiti cha kukunja nyuma ya kituo cha tatu, blanketi magotini. Hakuniuliza nimepata ngapi, alikuwa amehesabu. Aliomba mitutu. Nikaifungua pale pale, nikasubiri ipoe, nikamshikia kwa kidole changu kwa kuwa chake hakiwezi tena, naye akaigonga kwa ukucha, akainamisha kichwa akasikiliza.

Mchana ulikuwa wa jozi, vigae viwili hewani kwa pamoja, kazi ambayo mitutu miwili na triga mbili ziliumbiwa. Nikapata 38 kati ya 50. Cha kwanza nakivunja. Kidole kinachelewa kurudi triga ya nyuma, na kinapofika cha pili kimeshaanza kushuka. Nafanya zoezi hilo kila usiku sebuleni na risasi bandia, nikianza taratibu: mbele, nyuma, mbele, nyuma. Msimu unafunguliwa Aprili. Nimeshajaza risasi 400, na mkono wa ngozi umefumuka upande mmoja, inabidi niushone upya kabla theluji haijaisha.